Ada walipokea, kitabu wakaninyima

Ada ya siku ya kuingia maktaba ya chuo nililipa. Naanza na hilo ili mtu asidhani nilikwenda kuomba hisani. Risiti mkononi, begi nimeliacha mapokezi nikapewa kibati chenye namba, nikapanda ngazi na magoti yangu haya.

Nilichofuata ni kitu kimoja: majalada ya gazeti la Mambo Leo ya miaka ya 1930. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia shairi lake lilipata kutoka humo. Gazeti lile lilianza 1923, wakati wa Mwingereza, na leo huzikuti nakala zake dukani. Ziko kwenye maktaba kama hizi za vyuo.

Binti wa dawati la makusanyo maalumu hakuinua macho kwenye simu. "Barua ya utambulisho?" Nikamwambia, mwanangu, mimi ni fundi cherehani, barua nitaandikiwa na nani? Akajibu, "Basi humu si mahali pa watu wa mtaani." Kwa sauti! Wanafunzi wakageuka. Nina umri wa mama yake. Na kama barua ni lazima, mbona kule dirishani pesa yangu walipokea bila kuulizia barua?

Nilikuwa nimeshageuka niondoke, machozi yananilenga, ndipo mzee mmoja anayepanga vitabu rafuni akaniita, "Mama, subiri." Akaingia kwa mkuu wao, akatoka na majalada mawili. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, kingo zinamong'onyoka ukizigusa. Akanionyesha kufunua kwa viganja viwili, taratibu. Nikasoma mashairi ya watu wa Tanga, wa Pangani, nikasahau hata njaa. Kwa saa ile ningesema hakuna mahali pazuri kama pale.

Jalada la pili sijafika nusu, yule binti akaanza kuzima taa. Hakusema "tunafunga", hakusema "samahani mama". Alizima tu, mimi nikiwa na ukurasa mkononi.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya yule mzee. Nimekumbuka taa, naweka moja. Mzee mwenyewe angekuwa peke yake ningempa zote tano.

Shairi la babu bado sijalipata. Barua ya serikali ya mtaa nimeshaichukua, ina mhuri na sahihi ya mwenyekiti. Jumatatu nakwenda tena.