Redio Iliyoimba Dukani Ikanyamaza Bondeni: Uzoefu Wangu

Mtu anayeishi bondeni katika milima ya Usambara asikubali kununua redio kwa kuisikiliza juu ya kaunta ya duka la mjini. Huko mjini mawimbi ni mengi na yana nguvu, kwa hiyo redio yoyote itaimba, iwe nzuri iwe mbovu, na muuzaji atakutazama kana kwamba ameshamaliza kazi yake. Sisi tunaishi upande wa Mlalo, nyuma ya kilima, na mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka, hayapindi kufuata mabonde. Mlima ukikaa kati ya nyumba na mnara, kinachofika ni masalio tu. Hayo niliyaeleza dukani kwa utulivu na kwa urefu kabla sijatoa hata shilingi moja, na ndiyo sababu hasira yangu haijapoa hadi leo.

Redio ilikuwa ya baba mkwe wangu. Ile yake ya zamani, National ya mawe manne makubwa, iliharibika kabla ya masika yaliyopita, na fundi akatuambia kuwa kipuri kilichoungua hakipatikani tena. Mzee huyu hasikilizi redio kwa ajili ya kujipumbaza. Anafuata taarifa ya habari ya saa mbili usiku, matangazo ya vifo, na mpira siku ambayo Simba na Yanga zinakutana. Simu za hapa kwetu nazo hushika mtandao kwa kubahatisha, kwa hiyo redio kwake ni kitu cha lazima. Nilimwambia muuzaji kwamba nataka redio yenye kitufe cha kuzungusha, antena ndefu, na masafa yote matatu, yaani FM, masafa ya kati na masafa mafupi. Akatoa moja inayong'aa, akaibonyeza, ikaanza kuimba papo hapo. "Mama, hii inashika popote Tanzania," akasema. Nikalipa shilingi 65,000, nikachukua risiti.

Kitufe cha kuzungusha kilikuwapo kweli, ila kumbe ni cha sauti tu. Stesheni redio hiyo hujitafutia yenyewe: unabonyeza mara moja, inakimbia kutoka 87.5 hadi 108, inasimama pale tu inapokutana na wimbi lenye nguvu, kisha inahifadhi ilichokipata na kukataa kilichobaki. Kwa mtu wa mjini huo ni urahisi, lakini kwa mtu wa bondeni ni mlango uliofungwa, kwa sababu stesheni anayoihitaji ni ile dhaifu, na mashine inaipita bila hata kupunguza mwendo. Hakuna namna ya kuirudisha nyuma taratibu kwa vidole na kuisimamisha pale sauti inapoanza kusikika. Tuliijaribu jioni baada ya jioni, na kila mara ilituletea stesheni ileile moja ya muziki ambayo hakuna mtu katika nyumba hii aliyeiomba.

Lililoniudhi zaidi ni jambo ambalo sikulielewa mpaka fundi aliponieleza. Redio nyingi za siku hizi zina saketi inayopunguza sauti yenyewe mawimbi yanapokuwa dhaifu, ili msikilizaji asisumbuliwe na mkwaruzo. Redio za zamani zilikwaruza, lakini nyuma ya mkwaruzo sauti ya mtangazaji ilikuwapo, na masikio yaliyozoea yalikuwa yakiifuata neno kwa neno. Hii mpya inaona mkwaruzo na mtangazaji kuwa ni taka moja, inavifuta vyote viwili. Usiku mmoja ilishika taarifa ya habari kwa muda mfupi, kisha ikaanza kufifia na kurudi, kufifia na kurudi. Mzee akaisogeza mpaka ikagusa sikio lake, akaniuliza, "Mwanangu, redio hii ndiyo haina sauti, au ni mimi sina masikio?" Nilishindwa kumjibu. Mzee wa umri ule hastahili kuyashuku masikio yake kwa sababu ya kifaa kilichotengenezwa bila kumfikiria.

Hata hivyo nilijilazimisha kuitendea haki. Spika yake ni safi, betri inadumu, na nyimbo za kwenye flashi zinapiga vizuri kuliko nilivyotarajia. Niligundua pia kwamba taa yetu ya sola na chaja ya simu zilikuwa zikiongeza mkwaruzo kwenye masafa ya kati. Tukizizima, hali inakuwa afadhali kidogo. Fundi alinishauri nitengeneze antena ya waya yenye mikono miwili, kila mmoja wa sentimeta 75 hivi, kwa kuwa urefu wa wimbi la FM ni kama mita tatu na antena ya nusu ya urefu huo hulipokea vyema. Tuliitundika chini ya paa upande wa bondeni, na stesheni moja zaidi ikaingia. Siku ile nilikuwa tayari kusema kwamba redio hii inamfaa mtu mwenye subira na mwenye waya, na kwamba ningeipa alama za wastani. Kisha nikarudi dukani.

Nilirudi kwa heshima, nikiwa na risiti mkononi na redio ndani ya boksi lake, nikaomba kubadilishiwa kwa nyingine yenye kitufe cha kutafutia stesheni, hata kama ni ya bei ndogo zaidi. Kijana yule, ambaye kwa umri ni sawa na mdogo wangu wa mwisho, hakunipa hata shikamoo. Aliichomoa redio, akanyoosha antena, akaibonyeza, nayo ikaimba palepale kwenye kaunta kama siku ya kwanza. Akawageukia wateja wengine waliokuwa wakisubiri, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Redio ni nzima. Kibovu ni kijiji chao. Wahame." Watu wakacheka. Nilipomkumbusha kwamba nilimweleza habari za bonde kabla ya kununua, alisema yeye anauza redio, hauzi mawimbi, kisha akaendelea kuhesabu fedha za mteja mwingine.

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi, na kila nikilirudia naona jinsi lilivyo baya. Ni kweli kwamba hauzi mawimbi. Lakini anauza kifaa cha kuyadaka, na tofauti ya redio moja na nyingine, ukiacha rangi na taa za mbele, ni uwezo wa kudaka kilicho dhaifu na kukitenganisha na kilicho jirani yake. Kama hajui ni ipi kati ya bidhaa zake inaweza kazi hiyo, alipaswa kusema hajui. Milima ya Usambara haikuota juzi, na wateja wake wengi hushuka kutoka huko huko, tena na fedha za mboga na matunda ambazo zimewatoa jasho.

Kwa hiyo ninayemshauri ni yule anayekwenda kununua akiwa katika hali kama yetu. Ukiwa dukani, rudisha antena yote ndani ya redio, ingia na redio hiyo ndani kabisa nyuma ya rafu, halafu tafuta stesheni dhaifu kwa mkono. Redio itakayokupa sauti ya mtu hata kama imefunikwa na mkwaruzo ndiyo ya kuchukua, na ile inayonyamaza kimya irudishe rafuni hata kama ni nzuri namna gani. Ikiwa ina masafa ya kati, igeuze taratibu upande huu na huu, maana antena ya masafa hayo imo ndani ya redio na hupokea kwa kuelekea. Isipobadilika kabisa unapoigeuza, ujue haishiki kitu. Masafa mafupi yasidharauliwe na watu wa milimani, kwa kuwa hupanda hadi tabaka la juu la anga na kurudi chini, na mlima hauwezi kuyazuia. Kwa miaka mingi baba mkwe alikuwa akiisikiliza Zanzibar kwenye 11735 kHz humu humu bondeni, wakati FM haikutupa chochote.

Hatimaye fundi yuleyule alitupatia Philips kuukuu, mfuniko wa betri umepotea na umefungwa kwa mpira, lakini ina kitufe cha kuzungusha. Inakwaruza, na taarifa ya habari inasikika mwanzo hadi mwisho. Mzee ameridhika.

Ile mpya nilisema ningeipa alama za wastani kwa ajili ya spika na betri. Nimefuta. Spika safi ya nini ikiwa hakuna sauti ya kupita ndani yake? Hata kama duka lingenihudumia kwa upole bado nisingeweza kumwambia mtu wa Mlalo, wala wa bonde lolote linalofanana na letu, ainunue, na kwa namna nilivyojibiwa simshauri mtu wa mjini pia, ijapokuwa huko ingemfaa. Risiti ninayo, boksi ninalo, na fedha zangu ninazidai bado.