WD-40 kwenye bolti za kiti cha choo zilizoganda: kopo linaishia wapi na msumeno unaanzia wapi

Kila kilichoshikwa na kutu siku hizi hupuliziwa WD-40, mafuta ya kopo: kufuli, bawaba za geti, mnyororo wa baiskeli. Kwa bolti mbili zinazobana kiti cha choo cha kukaa, tunaipa alama ya wastani. Ikikutana na bolti ya chuma na nati ya chuma ambayo kutu haijaila sana, inastahili bei yake. Nje ya hapo ni kupoteza dawa.

Ilibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma ili kisishike kutu. Kulegeza nati ni kazi iliyoongezewa baadaye. Ni mafuta mepesi ndani ya kiyeyushi, na kiyeyushi hicho ndicho kinachopenya kwenye nyuzi za bolti. Kampuni hiyohiyo inayo aina nyingine, WD-40 Specialist Penetrant, iliyotengenezwa mahususi kwa vyuma vilivyoganda. Ukiikuta dukani, chukua hiyo. Usipoikuta, kopo dogo la kawaida la 100 ml linatosha na litabaki.

Kwanza jua umeshikwa na nini. Bolti nyingi za viti vya bei nafuu ni chuma kilichopakwa zinki kidogo. Mkojo, maji ya kuoshea na dawa za choo zenye asidi au klorini huimaliza zinki hiyo, na kwa miji ya pwani hewa ya chumvi inamalizia. Kutu hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana nati inabanwa hata kama ilikazwa kwa mkono tu. Hapo WD-40 ina la kufanya. Bolti ya plastiki haina kutu. Ikigoma, nyuzi zimeharibika au uchafu mgumu wa chumvi ya maji umeziba. Uchafu huo hauyeyuki kwa mafuta. Funga kitambaa kilicholowa siki kwa saa kadhaa. Ila kama choo kimetoka kumwagiwa dawa yenye klorini, suuza kabisa kwanza, maana klorini ikikutana na asidi, hata ya siki, hutoa gesi ya sumu.

Matumizi yenyewe: fungua madirisha, zima sigara na mshumaa, maana kiyeyushi chake kinashika moto. Piga brashi ya waya kwenye nyuzi zinazoning'inia chini ya nati. Tumia ule mrija mwembamba, pulizia pale nyuzi zinapoingia kwenye nati, kisha juu ya nati penye washa (kile kiduara bapa kati ya nati na kauri). Wengi hupulizia kichwa cha bolti juu ya kiti, na mafuta hayafiki kokote. Subiri angalau robo saa, rudia, na kama kutu ni nene yaache mafuta yalale usiku kucha. Futa yaliyodondoka, sakafu ya vigae yenye mafuta ni hatari kuliko bolti yenyewe.

Spana ndiyo inayoharibu kazi mara nyingi. Bolti ya M8 (unene wa 8 mm) ina nati ya 13 mm, lakini viti vya zamani vyenye bolti ya inchi 5/16 vina nati ya nusu inchi, yaani 12.7 mm. Spana ya 13 juu yake inacheza, na kona za nati zinalika. Soketi ndefu ni bora, kwa kuwa bolti hupita katikati yake. Nati hufunguka kinyume cha saa ukiwa unaitazama kutoka chini. Ukichungulia kutoka juu utaona kama inakwenda upande wa saa, na hapo ndipo watu hukaza wakidhani wanafungua. Anza kwa kukaza kidogo sana, upate ule mlio wa kutu kuvunjika, ndipo ulegeze. Bolti ikizunguka pamoja na nati, mwenzako aishike kichwa kwa bisibisi pana.

Usigonge kwa nyundo, usipashe moto. Kauri haipindi, inapasuka, na sinki zima la choo ni gharama isiyolingana na bolti mbili.

Ikigoma baada ya kulala na mafuta, acha kupulizia. Blade ya msumeno wa chuma, meno 24 au 32 kwa inchi, inamaliza habari. Itoe kwenye fremu, zungushia kitambaa upande mmoja ushike hapo. Bandika tepu mbili-tatu juu ya kauri, weka na kipande cha bati au plastiki ngumu, kisha kata kati ya bawaba na sinki, ukipitia kwenye washa ya raba. Shaba inakatika upesi. Chuma kinataka subira na mikono miwili. Tandaza kitambaa mdomoni mwa choo, maana vumbi la chuma likiachwa kwenye maji hutia madoa ya kutu kwenye kauri. Kwa bolti ya plastiki, blade hiyohiyo ni kazi ya dakika, hata kopo hulihitaji.

Drili tunaiweka mwisho: anza na biti ya 3 mm katikati ya kichwa, panda taratibu mpaka unene wa bolti, na kichwa kitaachia chenyewe. Ikiteleza, inagusa kauri.

Kabla ya kununua kiti kipya, pima kati kwa kati ya matundu mawili: vya Ulaya huwa karibu 155 mm, vya Marekani 140 mm. Chagua bolti za stenlesi au plastiki, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za chuma, na usitegemee WD-40 kwa ulinzi huo. Chooni penye maji kila siku haikai muda mrefu. Kaza kwa mkono, halafu robo mzunguko wa spana, basi.