NIST Chemistry WebBook kwa kulinganisha entropi: nzuri sana na ya bure, ila angalia sifuri inaanzia wapi

Kama unasoma au unafundisha kemia ya chuo, hii tovuti iweke kwenye simu yako leo leo. Ni ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, ipo mtandaoni tangu 1996, hulipi, hujisajili, na kurasa nyingi ni maandishi tu kwa hiyo bando haliishi.

Mi naipendea entropi, yaani kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika ndani ya kitu. Unaandika jina la kitu, unatiki gesi au kimiminika, inakupa namba ya nyuzi 25 na presha ya bar 1: heliamu 126.15, naitrojeni 191.61, kabonidayoksaidi 213.79, zote jouli kwa moli kwa kelvini. Maji ya kimiminika 69.95, yakiwa mvuke 188.84, yaani maji yaleyale!

Lakini utamu wenyewe uko ile sehemu ya fluidi (maji, amonia, methani, gesi za friji kama R134a na nyingine kibao), hapo unaamua joto litulie presha ibadilike, au presha itulie joto lipande, au ufuate mstari wa kuchemka (zile jozi za joto na presha ambapo kimiminika na mvuke vinakaa pamoja), halafu inakuchorea grafu. Jaribu maji kwenye mstari wa kuchemka: nyuzi 100 entropi inaruka kama 109 yanapogeuka mvuke, pandisha presha hadi bar 10 yanachemka karibu nyuzi 180 na mruko umeshuka mpaka 80 hivi, endelea mpaka nyuzi 374 na bar kama 221 mruko umekwisha kabisa, kimiminika na mvuke huwezi kuvitofautisha tena. Vitabu vingi vinaishia kwenye ile namba ya nyuzi 100, na wanafunzi wanaikariri kana kwamba haibadiliki, inaniuma kweli.

Sasa sikilizeni hapa. Kwenye fluidi, maji ya nyuzi 25 yanasoma kama 6.6, siyo 69.95. Namba zote mbili ni sahihi, ila ya fluidi inahesabu sifuri kuanzia maji ya nyuzi 0.01, ile nyingine inaanzia sifuri kamili ya kelvini, baridi ya mwisho kabisa. R134a nayo ina mwanzo wake, imepangiwa 1.00 kilojouli kwa kilo kwa kelvini ikiwa kimiminika kwenye nyuzi 0. Kwa hiyo ukichukua maji na R134a ukasema hii ina entropi kubwa kuliko ile kwa kusoma hizo jedwali, ni kama kupima urefu wa watu wawili mmoja kapanda stuli. Kwenye fluidi linganisha mabadiliko tu, kutoka hali moja hadi nyingine ya kitu hichohicho, na mabadiliko ndo uyaweke sambamba na ya kitu kingine. Ukitaka namba kamili rudi kwenye zile za nyuzi 25. Na kabla ya yote hakikisha yuniti, moli au gramu.

Jedwali unaweza kulidownload ukalifungua kwenye Excel.