Darubini ya 8x42: siku nzima kwenye sensa ya ndege ya majira ya baridi

Mara ya kwanza kushiriki sensa nilibeba darubini ya kuazima, 10x42 (yaani hukuza mara kumi, na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42), nikarudi na hesabu ambazo mwenyewe sikuziamini. Safari hii nimenunua yangu, 8x42, na nimeitumia tangu alfajiri hadi giza lilipoingia.

Katika Sensa ya Ndege ya Krismasi, iliyoanza mwaka 1900, kila kikosi hupewa eneo lake ndani ya duara la kipenyo cha kilomita 24 hivi, na huhesabu kila ndege anayeonekana au kusikika. Si wale adimu tu. Njiwa na shomoro nao huandikwa.

Kwa kazi hiyo, nane ni bora kuliko kumi. Bata bukini walipopita juu yetu niliwaona kundi zima, sikuhitaji kuwafukuza kwa lenzi. Nilihesabu kumi, nikashika machoni nafasi waliyochukua, nikaipima hadi mkiani: 140 na kidogo. Mikono pia ilitetemeka kwa baridi, na kadiri darubini inavyokuza zaidi ndivyo mtetemo unavyokua. Mwanga nao unatosha. Bundi juu ya msonobari nilimtambua kabla jua halijachomoza.

Kasoro zipo. Gurudumu la kurekebishia lilikuwa gumu kwenye baridi, na kwa glavu nene ni shida tupu. Ndani imejazwa naitrojeni, kwa hiyo haikuingia ukungu, lakini tulipoingia garini kunywa chai lenzi zilijaa mvuke kwa nje. Mwewe akatua karibu, na kabla sijamaliza kufuta akawa ameondoka. Iliniuma. Sasa huifunga ndani ya mkoba kabla ya kufungua mlango wa gari, na huiacha humo hadi nitoke. Mkanda wa shingoni ni mwembamba mno. Nimeutoa, nimeweka wa mabegani.

Nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotelea bwawani, mahali ambapo ndege hukaa mbali na utahitaji darubini kubwa ya kusimamishwa kwenye miguu mitatu. Sisi hatukuwa nayo, na fomu yetu imebaki na mstari huu: shakwe 31, aina haikutambuliwa.