Boti wameifufua, namba wameifuta: uzoefu wangu na karakana ya kule Gaba

Wameikwangua namba. Naanza na hilo kabisa kwa sababu najua nikianza na sifa mtaishia kwenye sifa hamtafika huku chini. Karakana yenyewe iko upande wa Gaba karibu na ziwa, jina silitaji, wenye boti hapa Kampala wanaijua, na picha zao mmeziona, vanishi inang'aa mpaka unaona sura yako. Vanishi yao nzuri, sibishi. Lakini mimi nyota yangu ni moja, na hiyo moja ni ya mtu mmoja tu ambaye nitamfikia.

Boti yangu ni Chris-Craft ya mbao, futi 17, zile zilizokuwa zinavuta watu kwenye skii za maji (zile mbao unavaa miguuni, boti inakuvuta juu ya maji) miaka ya 50. Mengine kuhusu modeli mtatafuta wenyewe. Niliipata Jinja kwenye banda la mtu, kuku wanatagia ndani. Na kila mzee wa Jinja ukimuuliza ana hadithi yake. Mmoja anaapa ililetwa na Mzungu injinia wa bwawa la Owen Falls, lile alilokuja kulifungua Malkia Elizabeth 1954, eti kila Jumapili anawavuta watoto wake nyuma ya hiyo boti watu wamejaa ukingoni wanashangaa. Mwingine anasema wapi, ile ilikuwa ya familia ya Wahindi wenye maduka, 1972 Amin akawapa siku 90, wakaondoka na mabegi boti ikabaki imefungwa kamba. Wa tatu anasema zote mbili ni kweli, Mzungu aliwauzia Wahindi. Mimi nikawa nataka kujua, na sio kwa ajili ya kuuza, nataka tu kujua, mtu akiniuliza boti hii ya nani nisijibu kwa "inasemekana".

Sasa boti hizi zina kitu kizuri sana. Kiwanda chao huko Algonac, Michigan, kilikuwa kinagonga namba ya boti kwenye mbao yenyewe, inazama ndani, na kila namba ina kadi yake inayosema imetoka lini, iliwekwa injini gani, imepelekwa wapi. Kadi hizo zipo mpaka leo, zimehifadhiwa Mariners' Museum, Newport News huko Virginia, Marekani. Unawaandikia, unalipa kidogo, wanakutafutia. Mimi niliwaandikia wakanijibu kwa heshima kabisa (heshima ambayo pale Gaba ingewafaa), wakasema wanataka namba kamili.

Hapo ndio palikuwa na kazi. Namba ya kwangu ilikuwa kwenye mbao nene ya ndani pembeni ya injini, na kwa miaka yote hiyo watu wamepaka rangi juu ya rangi, ya bluu, ya kijivu, sijui lami. Za mwanzo nilizisoma kwa tochi. Mbili za mwisho zilikuwa zimefukiwa na rangi. Si kitu kigumu, unaweka dawa ya kulainisha rangi, unasubiri, unafuta pole pole na kitambaa, namba inatokea. Nikamwambia meneja hii mbao isiguswe, nitaisafisha mwenyewe kwa mkono. Nikaizungushia chaki. Nikabandika karatasi USIGUSE, na kwa Kiluganda TOKWATAKO, ili asitokee mtu wa kuniambia hakuelewa. Meneja akasema "kale boss, hakuna shida". Hilo "hakuna shida" ndio neno lao, utalisikia mpaka masikio yaume.

Narudi baada ya muda, nafunua turubai, mbao ni nyekundu, safi, laini. Karatasi yangu imekunjwa vizuri imewekwa kwenye kiti cha dereva. Yaani mtu aliibandua karatasi inayosema usiguse, akaikunja, akaiweka pembeni kwa adabu, halafu akawasha grainda.

Nikaenda ofisini. Meneja anakula rolex yake (chapati iliyoviringwa na mayai), macho kwenye simu, nikamweleza namba imefutwa. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Boss, namba ya nini? Hii sio gari, ziwani hakuna trafiki." Nikadhani anatania. Nikamweleza habari ya kadi, ya Marekani, ya zile mbili za mwisho. Akamaliza kutafuna kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayekusaidia, "Sikia ssebo, kama ni namba tu tuna kijana wetu Katwe, anakupigia namba yoyote unayotaka, hata leo jioni." Yoyote ninayotaka! Nimesimama pale nashindwa nicheke au nigeuze ile meza. Sikuombwa pole. Mpaka leo naandika hii sijaombwa pole. Na mkumbuke mbili za mwisho zikipotea maana yake ni boti mia moja zinazoweza kuwa yangu, nani atanitolea kadi mia moja?

Haya, sasa yule mtu wa nyota. Pale karakana kuna fundi mzee, amekulia Masese kule Jinja, amejenga boti za wavuvi maisha yake yote, hana meza wala kadi ya jina, na meneja anamtuma sigara ovyo ovyo mbele ya wateja (hilo nalo lilinikera). Aliposikia nafoka akaja taratibu akapitisha kidole gumba juu ya ile mbao, akaniambia "mwanangu, mbao iliyogongwa inakumbuka." Akaomba pasi ya makaa kwa jirani na kitambaa kibichi. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Chuma kinapogonga mbao, nyuzi zake zinabanwa hata chini ya pale namba inapoonekana, kwa hiyo ukikwangua juu zile zilizobanwa bado zipo, ukizipa maji na moto zinavimba kuliko za jirani zao. Tukawa tumeinama wawili na tochi ya simu, mvuke usoni. Likatokea pinda moja. Mimi nikasema 3. Mzee akasema inaweza kuwa 8, inaweza kuwa 6, na akaongeza kwamba yeye hakusoma sana lakini macho anayo. Ya pili haikutokea kabisa, grainda ilishuka mno. Mzee akasikitika kuliko mwenye karakana. Yeye ndiye aliyesema pole.

Na kazi ya chini ya boti ni yake. Hizi boti chini zina mbao tabaka mbili, katikati kuna turubai iliyoloweshwa dawa ya kuzuia maji, na meneja alikuwa anataka wamalize haraka, wapige plaiwudi wafunike na faiba, eti "haivuji milele". Mzee akakataa. Akasema mbao ikifungiwa ndani ya faiba maji yakipata hata tundu la sindano yanakaa humo humo, inaoza kimya kimya na wewe juu unaona kunang'aa. Kwenye mbao za kubadilisha nilikuwa nataka mvule kwa sababu kila boti ya mvuvi hapa ni mvule, akanikatalia tena, mvule haiozi upesi lakini ni nzito, na boti ya skii inatakiwa inyanyuke juu ya maji, tukaenda Ndeeba kwa wauza mbao tukachagua mahogani. Mbao za mbele zinapopinda alizifunga magunia akazimwagia maji ya moto mpaka zikakubali, pole pole, klempu moja moja. Nikamwambia yule Mmarekani aliyeanzisha huu mchezo wa skii za maji, Ralph Samuelson, 1922 kule Lake Pepin, Minnesota, naye alichemsha ncha za mbao zake ndio zikapinda zikawa skii. Mzee akaniuliza tu, "za mti gani?" Mjadala ukafungwa.

Skrubu ndio tuligombana tena na ofisi. Walitaka kuweka za chuma zilizopakwa zinki kwa sababu bronzi ni ghali na inaagizwa, wakati kwenye invoisi wameandika bronzi. Nilizijua kwa sumaku. Hilo niliache, walizibadilisha, nikianza nalo hatulali.

Injini sina mengi, ya asili ilitolewa zamani sana, sasa kuna ya Land Rover, kwa hiyo hata kutafuta kadi kwa namba ya injini haiwezekani, njia hiyo imefungwa. Ila mjue ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu au zaidi, ukiweka propela ya kitabuni boti inajikokota. Tuliweka yenye mkunjo mdogo. Basi.

Siku ya kuishusha majini meneja alikuja na simu yake kupiga picha, alipoona maji yanaingia akaanza kupiga kelele itazama, itazama, leteni silikoni. Mzee akamwambia aende akanywe chai. Mbao iliyokaa kavu miaka lazima inywe kwanza, ivimbe, ijifunge yenyewe, tukaiacha kwenye maji ya kina kifupi imefungwa kwa mikanda na pampu inafanya kazi, usiku na mchana. Maji yakapungua. Yakapungua tena. Kisha kukawa kukavu, nimepitisha mkono wangu mwenyewe, kukavu.

Na ilipokimbia, jamani. Mpwa wangu alikuwa nyuma kwenye skii, alianguka akaanguka akanywa ziwa (baadaye nikampeleka akapime kichocho, msisahau hilo), halafu akasimama. Alisimama! Boti imenyanyua kifua, maji yamefunguka nyuma, wavuvi wa Gaba wanapiga mayowe na makasia yako juu. Nililia, sijali. Pale pale moyoni nikasema ah, namba ni nini, nitawapa nyota nne, hata tano, watu wamenirudishia kitu ambacho kilikuwa nyumba ya kuku. Nilirudi kabisa pale karakana nikiwa na salio mfukoni na nimepanga maneno mazuri.

Mnajua nilikuta nini.

Zile boti kiwanda kilikuwa kinagonga namba ile ile hata chini ya vifuniko, ili kifuniko cha boti moja kisiende kwenye boti nyingine. Niliwauliza mapema sana kuhusu kifuniko cha injini, cha zamani, wakaniambia kilioza, walikitupa, ndio wakanitengenezea kipya (na kukilipisha). Nikakubali. Sasa napita nyuma ya banda kumtafuta mzee, mama anayewapikia mafundi amekaa, na sufuria ya posho (ugali) imekaa juu ya ubao mwekundu. Nikautazama ule ubao. Nikamwomba, "mama samahani, naomba nione huo ubao chini." Akaniangalia akaona sina utani, akaondoa sufuria.

Nusu. Umekatwa na msumeno katikati, vizuri, kwa mstari. Nikaugeuza. Namba ipo, imegongwa, haina rangi hata tone, inasomeka bila tochi. Namba zile zile za mwanzo ninazozijua. Halafu msumeno. Hakukuwa na uozo wowote, mbao ngumu kabisa.

Nikamuuliza mama nusu ya pili iko wapi. Akaniambia kwa upole, "Ile nyingine ilikuwa kavu sana mwanangu, iliwaka vizuri, maharage yaliiva upesi."

Mama sina neno naye, yeye alipewa kuni akapikia. Aliyempa kuni ndiye aliyeniambia kimeoza. Nilienda ofisini na ule ubao kwapani, nikauweka juu ya meza yake, akautazama, akasema, "si umeona sasa boss, tulikuwa nayo!"

Kwa hiyo tunafanyaje na nyota. Boti ni nzima, haivuji, inavuta watu wawili kwa mara moja, na kama kuna mtu Uganda anajua kuvika mbao kwenye boti ya namna hii vizuri kuliko yule mzee mimi simjui. Nikisema msiende nitakuwa mwongo. Nikisema nendeni nitakuwa mwongo zaidi. Mzee mwenyewe nasikia amechoka nao anarudi Masese, mwenye boti aende akamuulizie huko ufukweni moja kwa moja, na alipe mkononi mwake. Ofisi ya Gaba nyota ni ile ile moja ya mzee, na wamshukuru pia mama wa posho kwa kunibakizia nusu.

Salio lao bado ninalo. Meneja anapiga kila asubuhi, siku hizi anaanza na "habari za familia boss". Namjibu nzuri, umepata ile nusu? Anakata.