Kupunguza ukubwa wa picha papo kwa papo: huduma ipi ulipie kwa duka lako la mtandaoni

Muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anapiga picha ya gunia kwa simu na kuipandisha kwenye duka lako ikiwa na MB 4. Mteja yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, ana bando la siku, na kwenye orodha ya bidhaa picha ya upana wa pikseli 320 inamtosha kabisa. Huduma ninazozipanga hapa hukaa katikati yao: picha halisi haiguswi, kila saizi hutengenezwa inapoombwa mara ya kwanza, kisha huhifadhiwa.

Bili yako inategemea zaidi idadi ya saizi kuliko kampuni utakayoichagua, kwa hiyo amua saizi kwanza. Duka la kawaida linatosheka na nne, kwa upana wa pikseli: 160, 320, 640 na 1280. Piga hesabu kwa bei za Cloudflare Images, ambao hutoa matoleo 5,000 (toleo ni picha moja kwa saizi moja) bure kila mwezi na, kwenye mpango wa kulipia, kutoza dola 0.50 kwa kila 1,000 yanayozidi. Picha 2,000 kwa saizi nne ni matoleo 8,000, yaani dola 1.50. Ukiruhusu kila simu iombe upana wake, tuseme saizi 30, yanakuwa 60,000 na bili inafika dola 27.50, kwa wateja walewale.

Chaguo langu la kwanza, kama kwenye timu kuna mtu anayeijua Linux (mfumo endeshi wa seva nyingi), ni imgproxy kwenye seva ya kukodi. Ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Go, inatumia maktaba ya kuchakata picha ya libvips isiyo na uchu wa RAM, yaani kumbukumbu ya seva, na Docker, zana ya kuendesha programu zikiwa zimefungashwa tayari, inaisimamisha haraka. Inageuza yenyewe picha iliyopigwa simu ikiwa imelazwa, na inafuta taarifa zilizofichwa ndani ya picha, zikiwemo za GPS. Wauzaji wengi hupiga picha za bidhaa nyumbani, na sioni kwa nini mnunuzi asiyejulikana apewe ramani ya hapo. Kuna mambo mawili ya lazima. Washa sahihi za viungo, yaani msimbo wa siri unaothibitisha kuwa kiungo cha picha kimetoka kwako, la sivyo mtu yeyote ataomba upana wa 1, 2, 3 hadi elfu na kuichosha seva bure. Halafu weka kashe (hifadhi ya picha zilizokwisha kutengenezwa) mbele yake, kwa sababu imgproxy haina ya kwake kwenye toleo la bure. RAM pia usiibanie: picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikifunguliwa hula takriban MB 36 hata kama faili lenyewe ni dogo, na wauzaji kumi wakipandisha bidhaa kwa pamoja seva ya GB 1 itahema.

Ya pili ni hiyo Cloudflare Images. Kama kikoa chako, yaani jina la tovuti yako, tayari kinapita kwao, ni kuwasha tu. Kwenye mpango wa bure ukivuka 5,000, saizi mpya hurudisha kosa ila zilizokwisha kutengenezwa zinaendelea kuonekana. Duka dogo la vitenge pale Makoroboi, Mwanza, haliwezi kufika huko.

Cloudinary naiweka ya tatu, na ni kwa sababu ya bei tu, maana kwa ubora ndiyo yenye mambo mengi kuliko zote. Krediti 25 za bure kwa mwezi zinatosha kuanzia. Krediti moja ni GB 1 ya kuhifadhi, au GB 1 ya kusafirisha, au mageuzi 1,000, yaani kutengeneza matoleo ya picha. Shida ni ngazi inayofuata, ambayo ni dola 89 kwa mwezi hata ukilipa kwa mwaka. Hakuna cha katikati.

Thumbor, programu huria ya lugha ya Python kutoka Globo.com ya Brazil, ichukue kama unakata picha za watu na hutaki vichwa viliwe: inatambua nyuso. Kwa sangara na sato huna haja nayo.

Moduli ya picha ya nginx, programu ya seva ya tovuti, inavutia kwa kuwa pengine nginx unayo tayari. Lakini kikomo chake cha kawaida ni MB 1 kwa picha. Ile ya gunia la dagaa itarudisha kosa 415 badala ya picha, na utabaki ukijiuliza kwa nini picha za majaribio zilipita zote. Ongeza image_filter_buffer, mpangilio wa kikomo hicho, kabla hujaanza. Mwisho kabisa ni Lambda, huduma ya Amazon ya kuendesha msimbo bila seva yako mwenyewe, pamoja na maktaba ya picha ya sharp: inafanya kazi vizuri, ila kwa duka moja ni vipande vingi mno vya kutunza.

Kabla ya kulipia chochote, jaribu kwa picha ya wima kutoka simu ya bei nafuu, kwa data ya simu na si kwa Wi-Fi ya ofisini. Iombe mara mbili. Ombi la pili lisipotoka kwenye kashe, rekebisha hilo kwanza, au hamia chaguo linalofuata.