Curse of Strahd: miezi minane katika bonde la ukungu

Binamu yangu aliniletea Curse of Strahd, kitabu cha kisa cha mchezo wa Dungeons & Dragons, kutoka Uingereza, na tumekicheza nyumbani Tanga kwa miezi minane, kila Jumamosi baada ya Isha. Mimi ndiye niliyekuwa msimulizi. Mezani walikaa wifi yangu, binamu wawili na jirani yetu fundi simu. Kwa asiyeujua mchezo wa Dungeons & Dragons: kila mchezaji anashika mhusika wake, msimulizi anaeleza yanayotokea, na penye mashaka inarushwa dadu.

Kisa chenyewe si kipya. Mwaka 1983 Tracy Hickman na mkewe Laura walitoa Ravenloft, kijitabu cha kurasa 32. Tracy aliwahi kucheza mchezo ambamo alikutana na mnyonya damu amekaa tu ndani ya handaki, hana sababu yoyote ya kuwa pale. Jambo hilo lilimkera, wakaamua kumtungia mnyonya damu wao ngome, nchi na kidonda cha moyo. Ndiye Strahd, aliyemtamani Tatyana, mchumba wa mdogo wake Sergei, na siku ya harusi akamuua ndugu yake huyo. Nilipofika hapo binamu mkubwa alisema polepole, "Kumbe mumiani huyu alikuwa mtu." Nilijua tayari kisa kimemshika.

Kitabu cha 2016, kilichoongozwa na Chris Perkins kwa ushauri wa akina Hickman wenyewe, kina zaidi ya kurasa 250. Ngome ya zamani imo, pamoja na makaburi yake chini kabisa. Kilichoongezeka ni watu. Nilinunua PDF ya kile cha 1983 nikavilinganisha: kile cha zamani kinakuvuta upesi kuelekea ngomeni, hiki kinakukalisha bondeni mpaka uanze kuwaonea huruma wakazi wake. Ukifika mji wa Vallaki, mkuu wa mji analazimisha sherehe kila wiki, akiamini kwamba watu wote wakifurahi laana itaondoka. Anayenung'unika anakamatwa. Mhusika wa wifi alinuna mbele ya askari, akafungwa, na tukatumia Jumamosi mbili nzima kumtoa. Hakuna aliyekumbuka ngome siku hizo.

Ninachokipenda kuliko vyote ni karata za bibi mtabiri, Madam Eva. Karata tano ndizo zinazoamua vilipo vitu vitatu vya kumshindia Strahd, nani atawasaidia, na Strahd mwenyewe atakutwa wapi. Kwa hiyo kila kundi linapata safari yake. Hatukuwa na karata maalumu, lakini kitabu kinaeleza jinsi ya kutumia hizi zetu za kawaida. Nilitenga karata za picha, nikachanganya zilizobaki, nikazipanga mkekani zikiwa zimefunikwa. Fundi simu alifunua ya tatu: kopa. Nikaangalia kitabuni: upanga, mmojawapo wa vitu vile vitatu, uko nyuma ya milango ya kaharabu, juu kabisa mlimani. Hapo hapo wakaanza kubishana nani ana nguo za kutosha kwa ajili ya theluji, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga.

Sasa upande mgumu. Kuna kinu kikuukuu ambamo wachawi wanaoka maandazi ya kuleta ndoto tamu, na unga wake una mifupa ya watoto. Wazazi waliozoea maandazi hayo wanawatoa watoto wao ili wapate zaidi. Wifi ana mtoto wa miaka miwili. Aliweka dadu chini akaniambia, "Wifi, hapa mimi siwezi." Tukasimama, nikaibadilisha sehemu ile. Kosa lilikuwa langu: nilipaswa kuwauliza kabla ya Jumamosi ya kwanza mambo gani hawataki kuyasikia. Nakusihi uulize, hata kama unacheza na ndugu zako wa damu.

Jambo jingine ni Wavistani, watu wa misafara. Toleo la 2016 liliwachora kama walevi na wajanja, kwa sura inayofanana mno na kejeli wanazotupiwa Waroma, jamii ya wachache wa Ulaya, tangu zamani. Toleo la 2020, linaloitwa Curse of Strahd Revamped, lilirekebisha maelezo hayo, nami nilifuata njia hiyo mezani. Walipata heshima, na kisa hakikupungukiwa kitu.

Msimulizi ajiandae kusoma sana. Habari za mtu mmoja zimetawanyika sura tatu au nne, hivyo nilinunua daftari nikaandika kila jina na ukurasa wake. Bila daftari lile ningepotea kabla ya wachezaji wangu.

Ukiweza, chukua toleo la 2020, maana linakuja na karata zake 54. Usipolipata, pakiti ya dukani inatosha, ila usizitoe jokari mbili: zinahesabiwa pamoja na karata za picha.